Tuufunge msitu au tuuvune? Jibu kwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji

*"Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji mkoani Morogoro. Tuna msitu wa miombo wa hekta kama 3,000. Miaka ya karibuni mto wetu unakauka mapema, ikifika Septemba hauna maji. Kwenye mkutano tumegawanyika. Wazee wanataka msitu ufungwe kabisa, usikatwe hata mti mmoja, na kila kaya ipande miti. Vijana wanasema bila mkaa hawana pesa, na wengine wanataka wakatiwe maeneo humo walime ufuta. Mwenyekiti anasema zahanati kwanza, mazingira baadaye. Mimi nimesikia kwamba mkaa ndio unaomaliza misitu ya nchi hii. Je, kijiji kinaweza kupata maendeleo bila kuumaliza msitu, au lazima tuchague kimoja?"*

Ndugu mjumbe, mkutano wenu umefunga mambo manne katika furushi moja: mto, mkaa, ufuta na zahanati. Kila moja lina chanzo chake na dawa yake, na mkiyajadili yote kwa pamoja mtaendelea kugawanyika hata mkikaa mpaka usiku. Jibu langu kwa swali lako la mwisho ni ndiyo, inawezekana kuutumia msitu na ukabaki msitu. Lakini kiasi kitakachopatikana ni kidogo kuliko wanachotarajia vijana, na jambo gumu zaidi mbele yenu ni mashamba, si mkaa.

Nianze na hilo la mkaa, maana ndilo linalowapoteza wengi. Kwa takwimu ambazo Serikali yetu iliziwasilisha Umoja wa Mataifa, Tanzania Bara ilikuwa inapoteza wastani wa hekta zipatazo 469,000 za msitu kila mwaka. Sehemu kubwa ya eneo hilo iligeuka mashamba. Mkaa nao una lawama yake, hasa karibu na barabara kuu na miji, ambako watu hurudia kukata mahali palepale kabla miti haijakomaa. Hata hivyo mara nyingi mkaa unaouona kwenye baiskeli umetokana na mti ambao ungekatwa hata hivyo, kwa kuwa mwenye shamba jipya alikuwa anasafisha eneo. Mkipiga marufuku gunia la mkaa na kuruhusu shamba, magogo yatachomwa moto palepale yawe majivu, na msitu utakuwa umekwenda vilevile.

Tofauti kati ya mchoma mkaa na mkulima iko chini ya ardhi. Mtondoo, myombo na mtundu, yaani miti inayotawala miombo, haitegemei sana mbegu ili kurudi. Ukiukata mti ukaacha kisiki na mizizi, chakula kilichohifadhiwa mizizini husukuma machipukizi mengi ndani ya msimu mmoja wa mvua, mengine yakitoka kwenye kisiki chenyewe na mengine kwenye mizizi iliyotambaa. Chipukizi hilo lina mzizi wa mti mzima, kwa hiyo hukua kwa kasi ambayo mche uliotoka kwenye mbegu hauwezi kuifikia. Mche wa miombo huweza kukaa miaka mingi ukiwa mfupi kama nyasi, ukijenga mzizi kwanza. Sasa mtu akilima, ataking'oa kisiki au atakichoma, na jembe litakata machipukizi kila mwaka mpaka mzizi uchoke na kufa. Hapo ndipo msitu unapopotea kweli. Kwa hiyo mtakapokwenda kukagua eneo lililokatwa, inameni chini mtazame visiki. Kama vina machipukizi mabichi na hakuna dalili ya jembe, msitu huo bado upo.

Machipukizi yana maadui, na lazima niwataje kwa sababu mipango mingi imefia hapo. Wa kwanza ni moto wa Septemba na Oktoba, wakati nyasi zimekauka kabisa: huua machipukizi ya mwaka mmoja au miwili na kuvilazimisha visiki kuanza upya. Ndiyo maana wasimamizi wa misitu huchoma mapema, Mei hadi Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, moto ukapita polepole na kupunguza kuni za moto mkubwa wa baadaye. Wa pili ni mbuzi na ng'ombe, ambao wasiingizwe kwenye eneo lililovunwa mpaka machipukizi yapite kimo cha midomo yao, jambo linalochukua miaka miwili hadi mitatu. Wa tatu ni sisi wenyewe, tunaporudi kukata baada ya miaka sita au saba kwa kuwa fito zimeshafaa kwa mkaa. Mzizi ulikuwa bado haujarudisha akiba yake. Ukikatwa hivyo mara mbili tatu, machipukizi hupungua, na nyasi hushika eneo.

Sasa hoja ya wazee. Nawaelewa, na kuna sehemu ambazo hawana mpinzani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Miteremko mikali, vilele, chemchemi na maeneo ya matambiko yafungwe, na yasiguswe kwa shoka lolote. Lakini kufunga hekta zote 3,000 ni kuahidi ulinzi ambao hamtaulipia. Msitu usioleta shilingi hauna mtu wa kulala nje kuulinda, na anayekuja usiku na chenso anajua hivyo. Isitoshe, mkaa hauliwi kijijini kwenu, unaliwa mijini. Mwanzoni mwa mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku mkaa nchi nzima. Bei mijini ilipanda haraka, watu waliendelea kupika, na baada ya wiki chache marufuku iliondolewa. Kijiji kimoja kikifunga, mnunuzi husogea kijiji jirani, na mchomaji wenu humfuata huko au hurudi kuchoma kwa kujificha. Anayejificha hachagui mti, hakaushi magogo, na halipi ada.

Kuhusu mto, naomba tuwe waangalifu. Msemo kwamba "miti huleta maji" una ukweli ndani yake, lakini watu huuelewa vibaya. Mti wenyewe hunywa maji, tena mengi. Kazi ya msitu ni ardhi iliyofunikwa: majani yaliyooza, mashimo ya mizizi na ya wadudu, kivuli. Mvua ikinyesha juu ya ardhi hiyo huzama, huhifadhiwa chini, na hutoka polepole kwenye chemchemi miezi ya kiangazi. Ardhi ikiwa tupu na imekanyagwa na mifugo, mvua hiyohiyo hupita juu kwa kasi, mkapata mafuriko Aprili na mto mkavu Septemba. Hivyo kinachotakiwa kwanza ni kufunika ardhi ya bonde na miteremko inayolisha mto.

Ila msiuhukumu msitu kabla ya kutembea mto mzima. Pandeni na mto mpaka chanzo, watu watano sita, katikati ya kiangazi, mkiandika kila mnachokiona: pampu za kumwagilia, mifereji, bustani zilizolimwa hadi ukingoni, mazizi, mahali palipochimbwa mchanga. Mara nyingi maji yanakuwepo juu na kupotea njiani. Pia anzeni kupima. Kwenye chemchemi, kingeni maji yote kwa bomba fupi au gome, wekeni ndoo ya lita 20 chini yake, na hesabuni sekunde inavyojaa. Ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde. Pimeni tarehe ileile kila mwezi, mahali palepale, na mwandike daftarini pamoja na siku za mvua. Baada ya misimu miwili mtakuwa na ushahidi ambao hakuna mkutano unaoweza kuupuuza, na mtaalamu wa bonde la maji atakayekuja ataanzia hapo.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na pendekezo la kila kaya kupanda miti. Mkipanda mikaratusi kando ya chanzo cha maji mtaharakisha ukavu, kwa kuwa huo ni mti unaokua kwa kasi na kunywa kwa kasi. Na mkipanda miche ndani ya miombo yenye visiki hai, mtakuwa mnatumia nguvu mahali ambapo msitu ungejirudisha bure. Mkoani Shinyanga, ambako misitu ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya kupambana na mbung'o na kupanua pamba na mifugo, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 haukutegemea miche peke yake. Wasukuma walihimizwa kurudisha ngitili zao, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa kwa msimu ili yapumzike. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi, na kazi kubwa ilifanywa na visiki, mizizi na mbegu zilizokuwamo ardhini tayari. Miche ina mahali pake: kwenye mashamba, kandokando ya nyumba, na kwenye shamba la kuni la shule. Mijohoro inafaa kwa hilo. Ikipandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, hekta moja huchukua miche 1,600, na huchipua tena ikikatwa. Shule inayopika uji kwa mafiga matatu ni mlaji mkubwa wa msitu kuliko kaya yoyote.

Turudi kwenye msitu wenu, sasa kwa hesabu. Wilayani Kilosa, ambako si mbali na kwenu, kuanzia mwaka 2012 vijiji kama Ulaya Mbuyuni, Kitunduweta na Ihombwa vilijaribu uvunaji wa mkaa wa kupangiliwa, vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na MJUMITA, mtandao wa vijiji na jamii zinazosimamia misitu. Utaratibu wao ni mzuri kuuiga: sehemu ndogo tu ya msitu hutengwa kwa mkaa, sehemu hiyo hugawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavyovunwa kwa kupishana kama miraba ya bao la drafti ili kila kilichokatwa kizungukwe na miti iliyosimama, na kitalu hakirudiwi mpaka ipite miaka 24.

Tuchukulie nanyi mmetenga hekta 300, yaani sehemu moja ya kumi. Gawanya kwa miaka 24: mnapata hekta 12.5 kwa mwaka, sawa na vitalu 50. Miombo hukua kwa mita za ujazo kati ya 1 na 3 kwa hekta kwa mwaka kutegemea mvua na udongo. Mkichukua moja na nusu, katika miaka 24 hekta moja itakuwa imerudisha mita za ujazo 36. Acheni miti ya mbao kama mninga, mkongo na mpingo, acheni yenye mizinga, yenye matundu ya ndege na ya matunda, mtabaki na mita za ujazo 30 hivi za kuvuna. Kwa hekta 12.5 hizo ni mita za ujazo 375, ambazo zikikauka zina uzito wa tani 300 kwa makadirio. Tathmini ya msitu wenu itatoa namba zenu wenyewe, pengine pungufu ya hizi, na ndizo mtakazozifuata.

Tani 300 za magogo zitatoa mkaa kiasi gani? Inategemea tanuri, na hapa kuna pesa nyingi inayopotea kimyakimya. Tanuri la udongo lililojengwa kwa haraka, kwa magogo mabichi, hutoa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa kuni. Lililojengwa vizuri hufika asilimia 20 na kuvuka kidogo. Kwa asilimia 15 mnapata tani 45, yaani magunia 900 ya kilo 50. Kwa asilimia 22 mnapata tani 66, magunia 1,320, na mti ulioongezeka kukatwa ni sifuri.

Wachomaji wenu wengi wanajua kuchoma kuliko mimi ninavyoweza kueleza kwa maandishi, ila nitaje yale yanayopuuzwa kwa sababu ya haraka. Magogo yakatwe urefu unaolingana na yakauke wiki nne hadi sita. Ukichoma mabichi, sehemu ya kuni zako itaungua kazi yake ikiwa ni kukausha zile nyingine. Tangulizeni magogo mawili matatu chini, kwa urefu, kama reli, ili hewa ipite chini ya rundo. Manene yakae katikati kwenye joto kali, membamba pembeni, na kila upenyo uzibwe kwa vijiti. Kisha nyasi, kisha udongo wa unene wa sentimita 15 hadi 20 usio na mawe. Moshi ndio unaokuambia hali ya ndani: mweupe mzito ni mvuke wa maji, na ukigeuka kuwa mwembamba wa bluu, mkaa wenyewe umeanza kuungua, hapo ziba matundu. Ufa usiozibwa usiku mmoja huweza kugeuza robo ya tanuri kuwa majivu, kwa hiyo mwenye tanuri asilale mbali. Halafu tanuri lijengwe palepale kila mara, kwa sababu joto lile huua mizizi na mbegu zote chini yake na mahali hapo hukaa tupu kwa muda mrefu. Kisiki nacho kikatwe chini kidogo ya goti, kwa mkato safi ulioinama ili maji yasituame, bila kukichana wala kukibandua gome.

Tukiweka ada ya kijiji kuwa shilingi 10,000 kwa gunia, ambayo ni namba ya mfano tu, magunia 1,320 yataleta shilingi 13,200,000 kwa mwaka. Yale 900 yangeleta 9,000,000. Toeni gharama ya doria: watu wanane, siku nne kwa mwezi, posho ya 10,000, inakuwa 3,840,000 kwa mwaka. Mnabaki na milioni tisa na ushei katika hali nzuri. Kila mchomaji akitengeneza magunia 130 kwa mwaka, vitalu vyenu vinatosha watu kumi. Mkiwa na vijana sitini wanaotaka mkaa, hesabu inakataa, na ni afadhali waambiwe hivyo mkutanoni mapema kuliko kuahidiwa wote kisha miaka 24 ikageuka kuwa minane. Mnaweza kupokezana kwa msimu, au kutanguliza kaya zisizo na shamba. Chagueni nyinyi, ila kigezo kisomwe hadharani.

Fedha hizo zitabaki kijijini mkifuata Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Msitu uliotengwa rasmi kuwa hifadhi ya msitu ya ardhi ya kijiji huiwezesha halmashauri ya kijiji kupanga na kukusanya ada yake bila kulipa mrabaha, yaani malipo ya uvunaji, kwa Serikali Kuu. Usipotengwa rasmi, mvunaji huchukua kibali kwingine, mapato yanakwenda kwingine, na kijiji kinabaki na visiki. Njia yenyewe ni ndefu kidogo. Mipaka ya kijiji ikubaliwe na majirani na mwe na cheti cha ardhi ya kijiji. Ufanyike mpango wa matumizi bora ya ardhi unaoonyesha makazi, mashamba, malisho, msitu. Mkutano mkuu wa kijiji uchague kamati ya maliasili. Msitu upimwe na kutathminiwa, uandikwe mpango wa usimamizi na wa uvunaji, zitungwe sheria ndogo, mkutano mkuu uzipitishe, na halmashauri ya wilaya iziidhinishe. Msiruke hatua ya mipaka kwa sababu inachosha. Migogoro mingi ninayoijua katika kazi hii ilizaliwa siku ambayo watu walisema "hapa kila mtu anajua mpaka ulipo".

Kanuni za mkaa na usafirishaji wake nazo hubadilika, na zilibadilishwa mwaka 2019, kwa hiyo ombeni nakala ya zinazotumika sasa kabla ya kukata mti wa kwanza. Gunia lisilo na hati ya kusafirishia litakamatwa kwenye kizuizi hata kama lilivunwa kwa utaratibu safi.

Kinachoua miradi hii baada ya miaka mitatu minne ni fedha kuliko moto. Mtu yuleyule anahesabu magunia, anapokea pesa na kuandika daftari; mapato hayasomwi; vijana wa doria hawalipwi miezi miwili, wa tatu wanaacha kwenda. Tenganisheni: mmoja wa kamati ahesabu kitaluni, mtendaji apokee na kutoa stakabadhi, na hesabu zote mbili zibandikwe ukutani na kusomwa kwenye mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu. Zikipishana, watu wataona.

Nije kwa vijana wa ufuta. Udongo wa miombo kwa kawaida ni wa kichanga na hauna rutuba nyingi. Rutuba kubwa imo kwenye miti yenyewe. Ukifyeka na kuchoma, majivu humwaga potasi, fosforasi na chokaa kwa mkupuo, na mavuno ya msimu wa kwanza na wa pili yanapendeza. Kufikia wa tatu au wa nne mvua imeosha hayo, magugu yamezidi, kiduha, gugu linalonyonya mizizi, kimeshika mahindi, na mkulima anaomba eneo jingine. Sitakuficha: kwa miaka hiyo miwili, ufuta kwenye hekta moja unaweza kumpa kijana pesa nyingi kuliko sehemu yake ya mkaa. Kwa hiyo usimwambie kwamba msitu unalipa zaidi, atakuona unamdanganya. Mwonyeshe kwamba msitu wa hekta 3,000 una idadi ndogo ya miaka ya kufyekwa kabla haujaisha, na umsaidie kwenye shamba alilo nalo. Mahindi yachanganywe na mbaazi, ambayo hudondosha majani mengi na kuongeza naitrojeni. Mabua yaachwe juu ya ardhi badala ya kuchomwa. Samadi iwekwe kwenye shimo la kupandia, konzi moja moja, pale ambapo haitoshi kumwagwa shamba zima. Kama mpango wa ardhi utaonyesha kweli kwamba kaya changa hazina pa kulima, tengeni eneo la kilimo kutoka kwenye vichaka vilivyokwishalimwa zamani, mbali na mto, na mlichore kwenye ramani. Kijiji kinachokataa kutenga shamba hata kidogo huishia kupoteza msitu kwa vipande visivyo na idadi.

Na mwenyekiti wenu amesema kweli kuhusu zahanati. Mama anayejifungulia njiani hawezi kuambiwa asubiri miti ikue. Ninachomwomba ni kutazama bajeti: milioni tisa kwa mwaka hazijengi zahanati kwa mwaka mmoja, lakini zinaweza kupandisha boma kwa nguvu za wananchi mpaka hatua ambayo halmashauri ya wilaya huombwa kuezeka na kumalizia. Tena zinakuja kila mwaka, kwa hiyo baadaye zinaweza kulipia bima ya afya ya wazee na solari ya chumba cha kujifungulia. Kisima kirefu nacho kikumbukwe, kwa hali ya mto wenu. Angalieni jambo moja: matofali ya kuchoma ya jengo hilo na ya nyumba za watumishi yatakula kuni nyingi, na nimeona misitu midogo ikiisha kwa ajili ya matofali ya majengo ya kijiji. Mashine ya matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, hukodishwa. Mkiitumia hamtahitaji moto kabisa.

Msiweke matumaini yote kwenye mkaa. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Hata lengo lisipofikiwa lote, soko la mkaa halitabaki kama lilivyo katika miaka 24 ya mzunguko wenu. Kama tathmini itaonyesha mna mninga au mpingo uliokomaa, mbao zinaweza kulipa kuliko mkaa kwa miti michache zaidi. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha msitu unasimamiwa vizuri, kwa misitu yao, na kijiji cha Nanjirinji A kimejenga huduma zake kwa mapato ya mbao. Ufugaji nyuki unakwenda vizuri na sehemu zilizofungwa. Biashara ya hewa ukaa (kaboni), yaani kulipwa kwa kuuacha msitu usimame, pia imeleta fedha kwa vijiji vinavyohifadhi msitu wa Ntakata wilayani Tanganyika, mkoani Katavi. Lakini akija mtu na mkataba wa kaboni, msisaini siku hiyohiyo. Ulizeni ni wa miaka mingapi, kijiji kinapata asilimia ngapi ya bei ya mauzo na si ya "faida", nani anabeba hasara msitu ukiungua, na mnaruhusiwa kuvuna nini. Mkataba huo usomwe na mwanasheria wa halmashauri ya wilaya na ujadiliwe kwenye mkutano mkuu kabla ya kusainiwa.

Kuna mambo ambayo hayawezi kumalizwa kwa barua. Tathmini ya msitu na mpango wa uvunaji lazima vifanywe mguu kwa mguu na afisa misitu wa wilaya; mwandikieni kupitia mtendaji, na mwombe pia ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu iwape kanuni zinazotumika. Mkiwa na mgogoro wa mpaka na kijiji jirani au wafugaji, mwiteni afisa ardhi wa wilaya kabla ya kupima chochote, na msitume vijana wa doria peke yao kwenye eneo la mgogoro. Mto ukiwa umechepushwa juu ya kijiji chenu, hilo ni la ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu, kwa kuwa kibali cha kutumia maji hutolewa huko na anayechepusha bila kibali wanaweza kumzuia. MJUMITA nao wanaweza kuwaunganisha na kijiji cha Kilosa kilichopitia haya. Tumeni watu wanne, wawili wao wawe vijana wa mkaa na mmoja awe mzee anayetaka msitu ufungwe.

Afisa misitu atakapokuja, awakute na vitu vitatu mkononi: ramani ya kijiji hata kama mmeichora kwa penseli, orodha ya wachomaji wote wa sasa pamoja na magunia wanayotoa kwa mwezi, na daftari la vipimo vya chemchemi. Orodha ya wachomaji itakuwa ngumu kuipata kama mmeshaanza kuwatishia, kwa hiyo ianzeni wiki hii, kabla ya mkutano ujao.